Bibi Keng Hajafa

Bibi Keng alikufa asubuhi, sufuria la kwanza la mvuke likiwa ndiyo kwanza limeanza kuchemka. Mkwe wake, Swee Neo, ndiye aliyemkuta. Alikuwa amempelekea uji. Akamgusa mguu, baridi. Akamgusa shavu, baridi vilevile. Alisimama pale na bakuli mkononi, na jambo la kwanza lililomjia kichwani, afadhali isemwe kweli, halikuwa yule mzee. Lilikuwa keki.

Zilikuwa keki za harusi ya binti wa Bwana Chua, mwenye kiwanda cha barafu, mwenye kinu cha mafuta ya nazi, mwenye nusu ya nyumba za Mtaa wa Mbele hapa Tanjung Kerang. Keki nyekundu za kobe: unga wa mchele unaonata, ndani choroko zilizopondwa na sukari, zikagandamizwa kwenye kibao chenye umbo la kobe, zikapikwa kwa mvuke. Harusi isiyo na keki hizo huku kwetu watu huiita mkutano tu. Na keki zenyewe zilitakiwa kesho yake, alfajiri ikishapambazuka.

Sasa, kila mtoto wa mji huu anajua: nyumba ikifiwa, moto wa jikoni unazimwa. Vioo vinafunikwa, karatasi nyeupe zinabandikwa mlangoni, na mikono ya nyumba hiyo haigusi tena kitu chekundu mpaka matanga yaishe. Chakula cha nyumba yenye maiti hakiingii nyumba yenye bibi harusi. Hata maskini wa mwisho anayeokota kome matopeni anajua hivyo. Swee Neo alijua kuliko wote, maana marehemu mwenyewe ndiye aliyemfundisha.

Mumewe, Bun Hok, alikuwa kwenye baraza ya nyuma akimpigia mluzi njiwa wake kwenye tundu.

"Mama Poh, mbona umesimama na uji? Mama hataki kula?"

"Mama yako amefariki."

Bun Hok akaacha mluzi. Mdomo ukabaki umebinuka vilevile, kama wa mtu anayepuliza chai.

"Basi nitoke mlangoni nilie," akasema. "Mwana wa kiume ndiye anayeanza."

"Utoke wapi? Kaa chini. Ukilia sasa hivi, kabla ya adhuhuri Bibi Chua ameshatuma mtu kuchukua keki kwingine. Na yule mpwa wake, Kim Tee, anachukua mke kwingine vilevile. Unataka binti yako akae hapa akikuna nazi mpaka meno yamtoke?"

"Lakini Mama Poh, roho inangoja iitwe..."

"Itaitwa. Nani kakukataza kulia? Utalia kesho jioni, utalia mpaka ukauke. Siku moja tu, Baba Poh. Marehemu hana haraka."

Mwanamume yule alikuwa na umri wa miaka arobaini na mitano, na alikuwa na masharubu. Alitazama mlango wa chumba cha mama yake, akatazama tundu, kisha akamwekea njiwa maji.

*

Binti yao, Poh Lian, alikuwa na miaka kumi na sita. Alilelewa kitandani kwa bibi yake, akala kwa vidole vya bibi yake. Alipoambiwa, alianguka kwenye magunia ya mchele akaziba uso kwa saruni. Mama yake akamnyanyua kwa mkono mmoja.

"Futa uso. Machozi yakiingia kwenye unga, keki zinapasuka."

"Bibi yuko peke yake mle ndani, mama."

"Bibi amelala. Ndivyo utakavyosema, na ndivyo utakavyofikiri. Kungwi Bibi Wat ameniambia kwa kinywa chake: kesho ukipeleka masinia, Bibi Chua anataka akuone unavyotembea. Unajua wasichana wangapi wanatafuta nafasi hiyo? Haya, piga keki."

Basi wakapiga keki. Chumba cha pili mzee amelala na mdomo wazi, na nyuma ya ukuta kibao kinagonga meza, pa, pa, pa, na kila pigo kobe mmoja mwekundu anatoka.

Joto la pwani mnalijua. Ilipofika saa nne, Swee Neo alimsimamisha Sulong, muuza barafu, alipokuwa akipita na mkokoteni wake.

"Nipe vipande vinne vikubwa."

"Vinne! Mama Poh, mnafungua kiwanda?"

"Natengeneza jeli ya harusi."

"Jeli gani hiyo? Kwa barafu hii utaigandisha bahari." Sulong akacheka, akafunua pumba za mbao juu ya mkokoteni. "Haya, na Bwana Chua akiuliza mauzo yamepandaje, nitamwambia kuna mama mmoja anamgandisha mama mkwe wake."

Barafu ya kumlazia maiti ilitoka kiwandani kwa mwenye harusi. Swee Neo aliona jambo hilo ni la bahati nzuri. Alisema hata wakati ule: angalau fedha zinazunguka baina yetu wenyewe kwa wenyewe.

Duka la pili kutoka kwao lilikuwa la Fundi Loke, mchonga majeneza. Alikuwa mlangoni pake akipiga randa, na macho yake yalifuata vile vipande vya barafu vilivyoingia ndani, kimoja, kingine, kingine.

"Bibi Keng anaendeleaje leo?" akauliza.

"Hajambo. Amekunywa uji."

"Vizuri, vizuri. Nimepata magogo mazuri ya mti mgumu, yameshuka juzi."

"Unamwapiza mgonjwa wangu, Fundi?"

"Mimi? Natangaza biashara tu, kama wewe unavyotangaza keki."

*

Alasiri akaja wifi wa Swee Neo, Guat Neo, binti wa marehemu, aliyeolewa ng'ambo ya mto. Amevuka na mtumbwi wa abiria, mkononi chungu cha supu ya kuku mweusi kimefungwa kwa kitambaa, jasho limemchuruzika mpaka kwenye vikuku.

"Wifi, mama yuko macho? Nimeota vibaya jana, sikulala. Nimeamka nikachinja kuku."

Swee Neo alisimama katikati ya mlango, mikono miwili imeshika miimo.

"Ameshalala, wifi yangu. Daktari wa mizizi amempa dawa nzito. Amesema mtu asimwamshe, moyo utashtuka."

"Nimwone tu. Sitasema neno."

"Akikuona ataamka. Si unamjua anavyokupenda? Njoo kesho kutwa. Kaka yako hayupo, mimi niko unga mpaka kwenye nyusi, na pale ndani ni joto." Hapo Swee Neo akageuka akachukua sahani. "Kaa hapa kwenye benchi upumzike. Onja keki za kwa Chua."

Guat Neo akakaa barazani kwa mama yake kama mgeni, akaweka chungu chini, akachukua keki. Akala kobe mmoja mwekundu, pole pole, akilamba vidole.

"Siku hizi mnazidisha sukari," akasema. "Mama hangekubali."

"Mama ndiye aliyeonja."

Nyuma ya pazia la jikoni Poh Lian alishika kibao kwa mikono miwili, akauma ncha ya saruni yake. Binti ambaye mama yake amelala maiti chumba cha pili anakula keki ya furaha mlangoni, na aliyempa ni mkwe wa mama huyohuyo. Bun Hok alikuwepo muda wote huo. Alikuwa chooni, na hakutoka mpaka aliposikia dada yake ameondoka.

*

Asubuhi masinia yalibebwa hadi nyumba ya Bwana Chua, ile yenye nguzo za kijani na taa nyekundu mbili kubwa kama matangi. Poh Lian alitembea vizuri. Kila mtu alisema hivyo. Miguu karibu karibu, macho chini, vipini vitatu vya dhahabu kwenye fundo la nywele. Swee Neo alikuwa nyuma yake anahema kwa furaha.

Kungwi Bibi Wat ndiye aliyewapokea jikoni. Mwanamke huyo alivalisha mabibi harusi wote wa mji, akasuka nywele za wote, na vidole vyake vilikuwa vinaingia kwenye nywele za watu bila kuomba ruhusa. Alimsifu Poh Lian kiuno, akamsifu ngozi, akamzungusha kama anavyozungushwa samaki sokoni, kisha akampapasa fundo la nywele. Kidole kikakwama. Akavuta. Kikatoka kipande cha uzi wa buluu.

Kelele za jikoni zikapungua kuanzia pale walipokuwa mpaka kwenye majiko.

Binti wa marehemu hufunga uzi mweupe. Mjukuu hufunga wa buluu. Poh Lian alikuwa ameuficha ndani kabisa, chini ya nywele, asionekane na mtu, bibi yake tu ndiye ajue.

"Kamwite Bibi Chua," Bibi Wat akamwambia mpishi. "Na funga huo mlango."

Bibi Chua alikuja na almasi zake zote, amechukia kuitwa jikoni. Alipoonyeshwa uzi, hakuugusa. Alirudi nyuma hatua moja.

"Nani amekufa kwenu?"

"Hakuna, Bibi wangu, mtoto tu anajipamba..."

"Buluu?"

Swee Neo akapiga magoti kwenye sakafu yenye maji ya samaki.

"Mama mkwe, Bibi. Jana. Nisamehe, nilitaka tu keki zako zisichelewe."

Ukumbini upatu ulikuwa unalia. Sinia la kwanza lilikuwa limeshawekwa mbele ya madhabahu ya mababu, na wajomba kutoka Malaka walikuwa wanakula la pili. Bibi Chua alisikiliza, akahesabu mambo yake kichwani, na uso wake ukatulia. Huo ndio uso wa kuogopwa, mama zangu. Siyo ule wa hasira.

"Nani mwingine anajua?"

"Sisi tu wa nyumbani."

"Basi hakuna aliyekufa."

"Bibi?"

"Sikia vizuri, maana sisemi mara mbili. Nikikiri kuwa kuna maiti kwenu, binti yangu ameolewa na chakula cha matanga. Akichelewa kushika mimba, watu watasema keki zile. Mumewe akikohoa, keki zile. Siutaki mdomo wa mji huu kwenye maisha ya mwanangu. Kwa hiyo mama mkwe wako ni mzima. Anaumwa, lakini mzima. Atakuwa mzima mpaka siku ya kumi na mbili, tumalize karamu ya mwisho, wageni waondoke. Baada ya hapo anaweza kufa, na mimi mwenyewe nitakuja kumlilia."

"Siku kumi na mbili, Bibi! Kwa joto hili?"

"Ulipoanza uliona siku moja ni ndogo. Zilizobaki nakuongezea mimi. Na usisahau nyumba mnayolala ni ya nani."

Mtu mwenye aibu angenyanyuka hapo akaondoka. Swee Neo alinyanyuka, akapangusa magoti, akasema kwa sauti ya chini:

"Na lile jambo la Kim Tee, Bibi, bado lipo?"

Bibi Chua akamtazama tangu kichwa mpaka kwenye kandambili za shanga.

"Tuone kwanza unavyojua kunyamaza."

*

Barafu haiwezi kazi hiyo. Siku ya pili watu wa Mtaa wa Mbele walianza kupita upande wa pili wa barabara, na wote walijitia hamnazo. Muuza kahawa alihamisha meza zake akasema ni kwa ajili ya upepo. Jirani mmoja alichoma ubani mlangoni, akasema ni kwa ajili ya mbu. Sulong alileta barafu bila kuitwa, na bei ilikuwa imepanda. Guat Neo alitumiwa ujumbe ng'ambo ya mto asivuke, daktari amekataza wageni mpaka mama apate nafuu.

Bun Hok akaenda kwa Fundi Loke.

"Nataka jeneza."

"La nani?"

"Fundi, usinifanyie hivyo."

"Mimi nauza majeneza kwa wenye maiti. Ninyi mna mgonjwa. Leo asubuhi nimemuuliza mkeo, ameniambia mama kanywa uji." Fundi akapuliza vumbi kwenye randa. "Mgonjwa anayekunywa uji anataka kijiko, hataki jeneza."

"Nitalipa unachotaka."

"Hapo sasa tunaelewana. Utanunua mawili. La kwanza la mbao nyembamba, hilo la kupita nyuma. La pili la magogo, zito, la kupita mbele siku ya kumi na tatu. Maana siku hiyo mtahitaji la kubeba watu waone, au mtawabebesha nini, tundu la njiwa?"

Bun Hok akalipa yote mawili.

Walimtoa Bibi Keng adhuhuri ya siku ya tatu, siku ambayo maandamano ya maharusi yanapita Mtaa wa Mbele kwenda kuwasalimu wakwe. Mji mzima ulikuwa mbele, fataki zinalia, watoto wanagombania vitamutamu. Nyuma ya nyumba bahari ilikuwa imekupwa, tope tupu. Vijana wawili wa Fundi Loke walibeba sanduku jembamba wakizama mpaka magotini, na juu ya sanduku Swee Neo aliweka masinia matupu, ili mtu akiona adhani ni vyombo vinakwenda kuoshwa. Mbele yao alitembea Poh Lian na vijiti vya ubani ndani ya mkono wa gauni. Vilimuunguza, hakuvitoa.

Ndugu, mwana wa kiume alikuwa wapi? Alikuwa kwenye maandamano. Bibi Chua alituma ujumbe asubuhi ile kwamba Bun Hok asipoonekana watu watauliza, kwa hiyo apewe taa ashike. Akaishika. Mama yake anapelekwa makaburini kilimani kwa njia ya matope, yeye yuko mbele ya milio ya fataki na taa nyekundu mkononi, anatabasamu kwa sababu aliambiwa atabasamu.

*

Siku ya kumi na tatu Bibi Keng akafa rasmi.

Karatasi nyeupe zikabandikwa. Vioo vikafunikwa. Jeneza la magogo likawekwa ukumbini, ndani lina mchanga wa pwani, limepigiliwa misumari tayari, maana daktari wa mizizi, aliyelipwa, alisema maradhi yalikuwa ya kuambukiza. Watu walikuja kwa wingi kuliko kwenye harusi. Sulong alikuja, Fundi Loke alikuja akasimama karibu na kazi yake, muuza kahawa alikuja. Kungwi Bibi Wat alikuja na leso kubwa. Wote wanajua, wote wanalia. Bibi Chua alifika na gari la farasi, amevaa nguo nyeupe na lulu za matanga, akalia vizuri sana kama alivyoahidi.

"Mzee wa watu! Juzi tu nilikuwa nauliza hali yake!"

"Aliwatajeni sana," Swee Neo akajibu, na kwikwi.

Kisha kilio kikasikika kutoka kona ya mtaa. Guat Neo alikuwa anakuja kwa magoti, kama inavyompasa binti aliyeolewa, anatambaa juu ya mawe na makombe, nywele zimefumuka, anamwita mama yake kwa sauti iliyomtoka tumboni. Magoti yalikuwa yanavuja damu alipofika kizingitini. Akalikumbatia jeneza, akaweka shavu.

"Mama, supu ulikunywa? Mama, walikupa supu yangu? Mama, mbona hukuningoja?"

Watu wakainamisha vichwa. Hapo ndipo hata Sulong alipotazama ukuta.

Poh Lian alikuwa amesimama kwenye foleni ya wajukuu, uzi wa buluu safari hii uko juu, wazi, kwa ruhusa. Akatoka kwenye foleni. Akainama kwa shangazi yake, na hakunong'ona.

"Shangazi, usililie hapo. Bibi hayumo."

Kuhani wa hekalu akapiga upatu kwa nguvu. Bibi Chua akasema upesi, "Mtoto amechanganyikiwa kwa msiba, mpeni maji."

"Hayumo, shangazi. Ni mchanga. Bibi alikuwa ameshakufa siku ile uliyokaa pale nje ukala keki. Nitakupeleka alipo."

Guat Neo akamwangalia mtoto. Akamwangalia kaka yake aliyevaa gunia la mfiwa. Bun Hok akatazama miguu yake. Basi yule mwanamke, hapo hapo mbele ya wageni wote, akatapika. Akatapika kama anataka kuitoa ile keki ya siku kumi na tatu nyuma. Alipomaliza alifuta mdomo kwa kiganja, akashika mkono wa Poh Lian, wakatoka wawili kwa mlango wa nyuma, wakashika njia ya matope.

Na unadhani waombolezaji walifanya nini? Walingoja kidogo, upatu ukaendelea, wakaendelea kulia. Mchanga ukazikwa kwa heshima zote, wabebaji thelathini na wawili na mwavuli mbele.

*

Bibi Wat alikuja baada ya mwezi kuleta jibu. Alikataa kukaa.

"Wanasema hapana."

"Hapana kwa nini? Nilinyamaza! Nilifanya kila walichosema!"

"Ndiyo hilo hilo. Bibi Chua anasema nyumba inayoweza kumtoa mama yao kwa mlango wa nyuma chini ya masinia, hawezi kuchukua mkwe humo. Anasema anaogopa uzee wake."

"Si yeye aliyeniamuru?"

"Mimi sikuwepo," alisema Bibi Wat, aliyefunga mlango wa jikoni siku ile. "Na keki, dada yangu, msitengeneze tena za harusi. Watu hawatanunua. Jaribuni nazi."

Basi wakawa wanakuna nazi, wanawauzia wapishi wengine. Mama na binti, kila mmoja na mbuzi wake wa kukunia, migongo imepeana. Poh Lian alikuwa anafanya kila anachoambiwa, anaitikia, anapika, anafua. Swee Neo alijisifu kwa majirani kwamba mtoto ametulia.

Mvua za kaskazini zilipoanza, Swee Neo alishikwa na kikohozi kisichotoka. Siku moja mchana, wakiwa kazini, akakohoa mpaka akashika ukuta. Aliporudi kukaa, alimtazama binti yake mgongo muda mrefu.

"Poh," akasema. "Siku yangu ikifika, utanililia? Utanililia vizuri, kwa desturi?"

Poh Lian hakugeuka. Alipiga nazi ikapasuka, akamwaga maji kwenye bakuli, akaangalia kama nyama yake ni nzuri.

"Sijui, mama," akasema kwa adabu. "Itabidi tuangalie kwanza nani anaoa wiki hiyo."

Akaiweka kwenye mbuzi, akaanza kukuna.